Eti Kigoma Hakukaliki?

Ukitaka kujua Watanzania wanaifikiriaje Kigoma, usiwaulize. Waambie tu kwamba umehamishiwa huko kikazi. Anayekupenda atakupa pole. Asiyekupenda sana atacheka, halafu atataka kujua umemkosea nani ofisini. Na lazima atatokea mmoja wa kukuvuta pembeni akunong'oneze: "Huko ndugu yangu usigombane na mtu. Utalogwa."

Mimi ni Muha. Kwetu ni Simbo, Kigoma Vijijini, ukitoka Ujiji ukavuka bonde la mto Luiche, pale inapoanzia barabara ya kwenda Ilagala na Kalya. Nimezaliwa huko, nimesoma huko mpaka kidato cha nne, na sasa naandika habari katika gazeti moja hapa Dar es Salaam. Kwa hiyo pole hizi nimezipokea tangu nilipokanyaga chuo kikuu, kana kwamba kuzaliwa Kigoma ni msiba.

Siku zote huwa nacheka yakaisha. Mwezi huu nimeshindwa kucheka, kwa sababu mbili. Kwanza, mhariri wangu anatafuta mtu wa kwenda kukaa Kigoma awe mwandishi wetu wa huko, na amenipa mpaka mwisho wa mwezi nimpe jibu. Pili, kuna binti mmoja wa Kichaga ambaye Mungu akipenda barua ya posa itafika kwao Marangu kabla mwaka haujaisha. Wazee wake si watu wabaya hata kidogo. Lakini mama yake mkubwa alipotajiwa mkoa ninakotoka, aliuliza swali moja tu: "Huko watu wanaishi kabisa, au wanasubiri usafiri?"

Binti mwenyewe aliuliza kwa upole zaidi. Aliniambia: "Usinijibu kama Muha. Nijibu kama mwandishi. Huko kunakalika?"

Basi bwana, nimekaa na swali hilo wiki mbili. Nimeamua kulijibu hapa, shitaka moja baada ya jingine, kama tunavyofanya tukiwa mahakamani tunaandika kesi ya mtu tusiyemjua.

Shitaka la kwanza: ni mbali. Hapa hakuna ubishi. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 1,250, na Wajerumani walipoifikisha ziwani mwaka 1914 ndipo tukapata jina ambalo mpaka leo hatujalivua: mwisho wa reli. Lakini hilo neno "mbali" nalo lina swali lake. Mbali na wapi? Kabla ya reli, Ujiji ndiko watu walikokuwa wakienda. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta tayari kuna soko, misafara inatoka pwani na mitumbwi inatoka upande wa Kongo. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 kwa sababu hapo ndipo barua, bidhaa na habari za bara zilipokuwa zikipitia. Mzee wa Ujiji ukimwambia anaishi mbali atakushangaa. Bujumbura iko hapo juu tu, Kalemie iko ng'ambo ya maji, na yeye ana ndugu kote huko. Kwa hesabu zake, wewe wa Mbezi ndiye uliye mbali.

Ila mtu haishi kwa historia. Mtu anaishi kwa barabara na umeme. Na kwa hilo Kigoma imeonewa muda mrefu. Nilipokuwa mtoto, umeme wa mjini ulikuwa wa majenereta ya dizeli, na sisi wa Simbo tulikuwa tunausikia kwa wenzetu tu. Ilikuwa mpaka Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa ziarani, ndipo mkoa ukaanza kupata umeme wa gridi ya taifa. Hebu fikiria, 2022! Miaka zaidi ya sitini baada ya Uhuru. Daraja la Kikwete pale Malagarasi limejengwa miaka ya 2010 tu, na kabla yake kwenda Tabora kwa gari masika ilikuwa safari ya kuaga nyumbani kabisa. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Siku treni hiyo itakapopiga honi Kigoma nitaandika upya aya hii. Kwa leo naandika hivi: shitaka ni la kweli, na mshitakiwa si mkazi wa Kigoma.

Shitaka la pili: ni maskini. Hapa ndugu zangu wa nyumbani huwa wananuna, lakini mwandishi hawezi kununia takwimu. Zile zilizotolewa katikati ya miaka ya 2010 ziliiweka Kigoma mkiani kabisa: asilimia 48.9 ya watu walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, wakati Dar es Salaam ilikuwa asilimia 5.2. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulipotoka, mkiani akawa Rukwa kwa asilimia 45. Nakumbuka wenzangu wa Kigoma walivyofurahi. Tulifurahia nini sasa? Jirani kutupita kwa njaa!

Kinachonikera si takwimu. Kinachonikera ni maelezo yanayofuata, kwamba Waha ni watu wa hivyo hivyo tu. Babu yangu mzaa baba alikwenda Tanga kukata mkonge akiwa kijana. Hakwenda kwa kupenda matembezi. Wakoloni waliigeuza Buha kuwa ghala la nguvukazi, na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao kabisa cha kusomba vibarua, SILABU. Mtu akipewa namba yake, anapakiwa, anakwenda. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Sasa jiulize: mkoa unaotegemewa kutoa vibarua, nani atauwekea mazao ya biashara ya maana? Mwenye shamba lake la kahawa linalomlipa ataliacha akakate mkonge wa mtu kwa sababu gani? Wakati babu yangu anahesabiwa kwa namba, kwao huyo binti ninayemtaka, Kilimanjaro, tayari walikuwa na kahawa yao na ushirika wao, KNCU, ulioanza mwaka 1933. Sisemi hivyo kwa wivu. Nasema ili mama mkubwa aelewe kwamba Muha na Mchaga hawakuanza mbio kwenye mstari mmoja.

Lakini na sisi tuna hadithi zetu za kujifariji. Ukikaa na wazee wa Simbo chini ya michikichi, haichukui dakika kumi utaambiwa kwamba Malaysia walikuja Kigoma wakachukua mbegu za michikichi, wakaenda kutajirika, sisi tukabaki. Hata wanasiasa wanaipenda sana hadithi hii majukwaani. Ni tamu, ila si kweli. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi, na michikichi ya mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki inatokana na miche minne iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848. Wakati huo Burton alikuwa hajaona hata maji ya Tanganyika. Kilichotushinda si kuibiwa mbegu. Malaysia walifanya utafiti, wakaboresha mbegu, wakajenga viwanda, sisi tukaendelea kukamua mawese kwa mikono kutoka kwenye michikichi ya babu. Juhudi za maana za serikali zilianza mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga suala la michikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Mama yangu amepanda miche ile mipya nyuma ya nyumba. Anaiangalia kila asubuhi kama mtu anayengoja barua.

Shitaka la tatu ndilo mlilokuwa mnalingoja: uchawi.

Niseme kwanza jambo la kuchekesha. Kila nikienda likizo Simbo, hawakosi watu wawili watatu hapa mjini wa kunifuata kwa siri wakiniomba niwaletee "dawa". Mmoja anataka cheo, mwingine mume wake arudi. Ni wasomi hao, wana magari. Kwa hiyo kama Kigoma ni kiwanda cha uchawi, basi Dar es Salaam ndiyo soko lake kubwa, na sijawahi kusikia mtu akikataa kuhamia Dar kwa sababu ya wateja.

Nikishamaliza kucheka, ukweli ni huu. Uchawi wenyewe sijauona. Hofu ya uchawi nimeiona, na hiyo inaumiza watu kweli. Miaka ya hivi karibuni makundi ya wapiga ramli wanaoitwa kamchape yamezunguka vijiji vya mkoa wetu yakidai yanafichua wachawi, na mahali pengine fujo zikazuka mpaka polisi wakaingia. Anayetajwa mara nyingi ni mzee, au mjane, au mtu aliyepata kidogo kuliko wenzake. Akishatajwa, maisha yake pale yamekwisha hata kama hakuna aliyemgusa. Jirani yetu mmoja, bibi aliyenilea mama akiwa shamba, alikaa miaka ya mwisho ya maisha yake hakuna mtoto anayetumwa kwake kuomba moto. Kosa lake nini? Aliishi sana, na wajukuu zake walifaulu shule.

Na hofu hiyo ina gharama hata ya fedha. Waulize vijana wa kwetu waliofanikiwa mjini wamejenga wapi. Mbagala, Chanika, Kivule. Wakiulizwa kwa nini hawajengi nyumbani, wanacheka cheka, halafu wanasema "bado mapema." Mapema nini? Wanaogopa. Bati zuri Simbo linaonekana ni kama kumtukana jirani. Kwa hiyo katika shitaka hili siwezi kumtetea mtu wangu kirahisi. Hili tumelilea wenyewe. Wajerumani hawamo, serikali haimo. Ni sisi.

Shitaka la nne linaniuma kuliko yote: kwamba sisi si Watanzania. Eti Muha ni Mrundi aliyekosa mpaka. Chuoni nilikuwa naitwa "mkimbizi" kwa utani, na sijui kama aliyekuwa anatania alijua anasema nini.

Wakimbizi tumewapokea, ndiyo. Warundi mwaka 1972, wakaja tena 1993. Wakongo 1996, ndipo kambi ya Nyarugusu ikaanza. Mwaka 2015 mimi nilikuwa shule mjini Kigoma, na niliyaona kwa macho yangu. Watu walikuwa wamerundikana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni karibu kabisa na mpaka, kipindupindu kikalipuka, ikabidi wasombwe kwa meli. MV Liemba, meli ile ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa vipande vipande, ilikuwa inashusha akina mama na watoto bandarini, wanapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi yanawapeleka Nyarugusu. Tuliwachungulia pale uwanjani. Walikuwa wanaongea lugha ninayoielewa karibu yote bila kufundishwa. Sikuona haya. Nilichofikiri ni kwamba mpaka uliochorwa na Wazungu ukikosewa kidogo tu na kalamu, aliyekaa chini pale kwenye nyasi ningekuwa mimi.

Uwanja ule ule, tarehe 25 Julai 2021, ulichezewa fainali ya Kombe la Shirikisho. Simba na Yanga! Taddeo Lwanga akaweka kichwa, Simba wakatoka na kombe kwa bao moja bila. Watu wa Dar waliteremka Kigoma kwa mabasi, treni na ndege, wakala migebuka, wakapiga picha na ziwa, wakarudi wakisema "kumbe Kigoma kuzuri." Hiyo "kumbe" niliihifadhi. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu nyasi zile zilaliwe na watu waliokimbia risasi. Nchi nzima ilijua habari ya kwanza, ikasahau. Wa Kigoma ndio wanaokumbuka zote mbili.

Gharama ya ukarimu huo tunailipa wenyewe. Laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, baba yangu alikuwa hajapata namba ya kitambulisho cha taifa. Alikuwa ameomba mapema kuliko watu wengi ninaowajua hapa mjini. Katika ofisi moja alihojiwa babu yake alizikwa wapi, na awapeleke mashahidi. Mzee aliyezaliwa Simbo, aliyelipa kodi Simbo, akawa anatafuta kaburi la babu yake kama cheti. Laini ikazimwa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naongea na baba kwa simu ya jirani. Nikipanda basi kurudi chuo, kwenye kizuizi cha barabarani waliosimamishwa kuhojiwa ni sisi wenye lafudhi. Mwenzangu wa Moshi alikuwa amelala kiti cha dirishani na hakuna aliyemwamsha.

Kwa hiyo hapo jibu langu ni fupi. Sifa hii mbaya ni ya uongo, na anayeisambaza anamfanya mtu mzima aombe ruhusa ya kuwa kwao.

Sasa, mwandishi mzuri hafichi ushahidi unaomkata. Ninao mmoja. Sensa ya 2012 iliikuta Kigoma ikiwa na watu 2,127,930. Sensa ya 2022 ikakuta 2,470,967. Hilo ni ongezeko la asilimia 1.5 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikuwa inaongezeka kwa asilimia 3.2. Ukipenda utasema wakimbizi kuja na kurudi kwao kunavuruga hesabu, na kweli kunaweza kuvuruga. Lakini ukitembea Simbo hutahitaji mtakwimu. Vijana wameondoka. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, akina Diamond Platnumz, Ali Kiba, Mwasiti, Linex na wengine, walikusanyika wakaimba "Leka Dutigite", yaani acha tujidai. Tulijidai kweli, siku hizo ukitaja unatoka Kigoma ulikuwa unasimama wima. Lakini hesabu wangapi kati ya walioimba wanaishi Kigoma. Hesabu na mimi. Tunajidai tukiwa Sinza.

Na kuna mambo ambayo sitamficha huyo binti. Ukiugua ugonjwa mkubwa Kigoma utapelekwa Bugando, Mwanza, au uje huku Muhimbili, na safari yenyewe ni ugonjwa wa pili. Malaria ipo. Kazi za maofisini ni chache. Ziwa nalo limechoka: mwaka 2024 lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapumzike, na mwalo wa Kibirizi ambao huwa haulali ukawa mtulivu kama msikiti saa nne asubuhi.

Baada ya hayo, mizani inasemaje?

Nitakwambia kilichonifanya niamue. Shule niliyosoma sekondari, tukiwa kidato cha pili, aliletwa mwalimu wa fizikia. Kijana, mchangamfu, ametoka chuo moja kwa moja. Alikaa wiki tatu. Tukasikia amepata uhamisho. Hatukuwahi kumuudhi, hakulogwa, hakuumwa. Ndugu zake walimpigia simu kila jioni wakimwambia atoke huko kabla hajaharibikiwa. Hakuna aliyeletwa badala yake, na katika darasa letu fizikia ilifia hapo. Wenzangu ambao wangekuwa mafundi umeme na madaktari leo wanabeba madumu ya mawese kwa baiskeli mpaka Ujiji.

Mwaka huo huo alikuja mwingine wa hesabu, mtu wa Tanga. Naye alipigiwa simu hizo hizo. Alituambia mwenyewe kwamba alijipa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, akaongeza mwingine, akajifunza kuamkia "mwakeye" na kuinama kidogo kama sisi, akanunua kiwanja, akaoa kwetu. Yuko huko mpaka leo. Kuna watu wanne katika darasa letu waliofika chuo kikuu, na wote wanne tulifundishwa hesabu na mwalimu huyo, usiku, kwa taa ya chemli, bila kulipa hata senti.

Ndiyo maana nasema sifa mbaya si maneno tu. Mwalimu akisikia Kigoma hakukaliki, haendi. Asipokwenda, watoto wanafeli. Wakifeli, mkoa unakuwa maskini kwelikweli, na takwimu zinatoka, na mwalimu anayefuata anazisoma gazetini (huenda kwa kalamu yangu) anasema si nilisema! Sifa inazaa jambo ambalo halikuwepo, halafu inajisifu kwamba ilikuwa kweli.

Hukumu yangu basi ni hii. Sifa mbaya zinazohusu barabara, umeme, hospitali na ajira Kigoma inastahili, au tuseme imestahilishwa, na aibu iende kwa waliokuwa na bajeti. Ile ya hofu ya uchawi ni yetu, na kazi ya kuiondoa ni yetu. Zinazohusu watu, kwamba ni wageni, ni wajinga, ni wabaya, hizo ni za uongo na zimegharimu watu shule na vitambulisho. Yote nimemwandikia binti, bila kuongeza chumvi wala mawese. Nimemwambia pia yale asiyoambiwa na mtu: kwamba huko mtu hakupiti njiani bila kukusalimia mpaka kuku wa nyumbani kwako, kwamba dagaa wetu hawahitaji utetezi wangu, na kwamba jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo ukiwa umekaa Ujiji, unasahau kabisa mwenye nyumba wako wa Kinondoni.

Mhariri nitamjibu Jumatatu, na jibu ni ndiyo. Naenda. Habari za Kigoma zimeandikwa vya kutosha na watu waliofika kwa siku mbili kufuata wakimbizi au sokwe wa Gombe. Binti naye amesema hatajibu lolote mpaka aende akaone. Anakuja mwezi wa nane, na mama mkubwa ameomba aje naye, kwa treni. Nimemshauri wabebe mito, maana hiyo reli ya zamani haina huruma na mgongo.

Na wewe uliyepangiwa kazi Kigoma mwaka huu ukawa unatafuta mtu wa kukusaidia kubadilishiwa kituo, mimi sitakudanganya kwamba ni peponi. Beba chandarua. Lakini nenda ufike kwanza. Kuna darasa la kidato cha pili linakusubiri, na halijui kama utakaa wiki tatu au miaka kumi na mmoja.

Alamsiki.